Ukoo wa Karanga

Busiu, 11 Februari 2024

Mwanangu Phiona,

Pokea salamu za mzee wako Aloysius, ambaye bado anapumua na bado anapiga pasi suruali zake mwenyewe. Hapa sote tuzima. Kicheche amebeba kuku wetu watatu, na mchungaji amehamishiwa Tororo. Mama yako mkubwa Betty yuko barazani anachambua mbegu za karanga akingoja mvua. Akiona naandika, ananiambia niandike kwa herufi kubwa kama anavyoandika yeye, kana kwamba wewe ndiye usiyeona vizuri. Anakusalimu.

Kwa simu usinipigie, nakwambia tena. Masikio yangu niliyaacha kazini, chini ya king'ora cha gereza, na simu ikilia nasikia nyuki tu. Kondakta Arnold anapita hapa akienda Jinja kila wiki. Mpe yeye barua.

Sasa jambo lenyewe. Nasikia mwanao Daphine ameanza shule mpya hapo Mpumudde, na chakula cha mchana wanakula hukohuko. Hilo linanisumbua. Sote tulimwona alivyokuwa hapa kwetu Krismasi, na sitaki kuirudia siku ile kwa kalamu. Nenda ukaongee na watu wa shule. Usiishie kwa mwalimu mkuu, fika mpaka jikoni. Na usiwaambie kwa Kiingereza. Daktari wa Mbale alitutajia neno refu la Kiingereza, mama yako mkubwa akadhani ni jina la dawa, akaenda kuliuliza dukani. Kwa Kiswahili kuna neno fupi nililolipata kwa afande mmoja wa Mombasa: mzio. Mtoto ana mzio wa karanga. Basi, kila mtu ataelewa.

Pasaka mtakuja? Chumba chenu tumekipaka chokaa.

Baba yako mkubwa,
Sajini mstaafu Aloysius Gidudu


Mpumudde, Jinja, 3 Machi 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Nimepiga magoti juu ya karatasi hii, nipokee. Sisi hatujambo. Cherehani haipumziki kwa sababu ya sare za shule, na mgongo wangu unalalamika, lakini ni heri kazi iwepo. Daphine ameng'oka jino la mbele. Anauliza kama Babu naye bado anang'oka, au yake yalikwisha.

Nilifanya ulivyoagiza. Mwalimu mkuu, Bwana Norman, aliniitia walimu wote na mpishi pia. Huyo mpishi anaitwa Mama Ramlah, mtu mzima wa Buwenge, mnene, mwenye sauti ya upole. Nikawaambia: mtoto wangu ana mzio wa karanga, asionje, asiguse. Walimu wakaandika. Mama Ramlah aliweka mkono kifuani akasema, "Muziro mimi najua, mama. Hata mimi niko na yangu. Hiyo kitu tunaheshimu." Muziro. Nilicheka moyoni, unajua watu wa huku wanavyoyapinda maneno ya Kiswahili. Lakini alivyolisema kwa heshima, nilitoka pale mwepesi.

Pia nimepata ile sindano ya kalamu aliyoitaja daktari, ya kumchoma akizidiwa. Dada Alifya wa duka la dawa mjini alihangaika mpaka ikaletwa kutoka nje. Bwana Norman ameifungia kwenye mtoto wa meza yake isipotee.

Pasaka kuna kushona kwingi. Msalimie sana Mama Mkubwa.

Mtoto wako,
Phiona


Busiu, 21 Aprili 2024

Mwanangu Phiona,

Pasaka imepita, tumekula wawili. Mvua ni nzuri. Karanga za mama yako mkubwa zimeshika shamba zima mpaka karibu na choo, na watu wa soko la Busiu wameanza kumuulizia ile karanga ya kusaga, maana hakuna anayesaga kama yeye. Anakusalimu.

Nilimpa Arnold barua mwezi uliopita. Anasema alikukabidhi mkononi. Nikamuuliza kama ulicheka au ulinuna, akasema hakuangalia. Kondakta gani huyu asiyeangalia watu.

Daphine anaendeleaje? Jino limeota?

Aloysius


Busiu, 2 Juni 2024

Phiona,

Sisi wazima. Wewe je?

Sikulaumu. Nataka kujua tu.

Aloysius


Mpumudde, 16 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Nisamehe. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Daphine mzima, hilo ulijue kwanza kabla hujasoma zaidi. Amekaa hapa chini ya meza ya cherehani anaokota vipande vya kitambaa. Jino limeota.

Ilikuwa Aprili, siku ya Ijumaa. Maharage yaliisha sufuriani kabla foleni ya watoto haijaisha, na waliobaki wakapewa viazi na mchuzi wa karanga. Daphine alikataa. Akamwambia Mama Ramlah ana mzio. Mama Ramlah akamuuliza, "Mtoto yangu, wewe iko ya ukoo gani?"

Unajua Daphine akiulizwa swali hilo. Marehemu Isabirye alimwacha mdogo, sura ya baba yake haikumbuki, lakini ukoo wake anaukumbuka. Alisimama wima akasema, mimi ni wa Ngabi.

Mama Ramlah akacheka, akamshika shavu. "Sasa wewe muziro yako ni ngabi, ile nyama ya porini. Hiyo ndiyo hapana kula. Kalanga ni mambo ya kwa mama yako, hiyo haikushiki. Baba yako alikuwa nakula kalanga. Kula, mtoto ya Ngabi."

Umeelewa, Baba Mkubwa? Huku Busoga muziro ni kitu ambacho ukoo hauli, na mtoto anafuata muziro wa baba yake. Mimi nilisema mzio, wao wakasikia muziro. Tangu siku ile ya mkutano walidhani nawaeleza mila za kwetu Bugisu, wakaziheshimu mpaka siku maharage yalipoisha. Walikuwa wanalinda ukoo, na mimi nilitaka walinde koo.

Daphine alikula. Alivimba midomo kwanza, halafu sauti ikakata. Walimu walikimbilia ofisini, mtoto wa meza umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Bwana Norman na Bwana Norman yuko mkutanoni Buwenge. Wakampakia kwenye boda wakiwa wamemkalisha wima, kichwa kinaning'inia. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyemchoma sindano. Mimi nilifika nikiwa na futi ya kupimia bado shingoni.

Alipoweza kuongea aliniambia hivi: "Mama, nilijua. Lakini alisema baba alikuwa anakula."

Baba Mkubwa, nililia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Nimemtoa shuleni. Mama Ramlah amekuja mara mbili akapiga magoti mlangoni, sikumfungulia. Na simu ya Mama Mkubwa sikuipiga kwa sababu sikutaka ajue. Wewe unajua kwa nini. Ukiweza, mfiche.

Phiona


Busiu, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Nimesoma. 

Sikuweza kumficha. Alinikuta nimeishika barua akaniambia nisome kwa sauti, na mimi kuruka maneno sijui. Nilipofika pale kwenye mchuzi akachukua jembe akaenda shamba. Hajasema neno juu yake mpaka leo. Wewe na mimi tunajua ni mkono wa nani uliopika malewa yale ya Krismasi, na katika kabila letu machipukizi ya mwanzi hayapikwi bila karanga. Hakuna aliyemlaumu. Nadhani ndiyo maana halali vizuri, angekuwa amelaumiwa angejitetea, yeye ni hodari wa kujitetea.

Neno lile nilikupa mimi. Nimelitukana vya kutosha, sasa tufanye kazi.

Kwanza, mfungulie yule mama mlango. Alimpa mtoto chakula kwa upendo, na alimpa cha kumuua kwa sababu hatukumweleza tukamaliza. Mtu wa namna hiyo anafundishika. Mtoto akikaa chini ya cherehani mpaka awe mkubwa, atakuwa mzima lakini atakuwa mjinga, na siku utakayomwachia atakutana na karanga hujamfundisha mtu hata mmoja.

Pili, uliwaambia, hukuwafundisha. Gerezani moto ukiwaka hatukuwa tunakumbuka mkutano. Mtu akishtuka, kichwa kinakimbia kinaacha mikono. Kwa hiyo tulifanya gwaride la moto mpaka mikono ikajua yenyewe. Wafanyie hivyo. Nimemuuliza daktari wa Mbale, akanieleza polepole mbele ya uso wangu niione midomo yake, nami nimezifanya amri fupi.

LAZA. Mtoto alazwe chali, miguu juu ya kitu. Akishindwa kupumua aketishwe, lakini asisimamishwe wala asitembezwe, na habari ya kumkalisha kwenye boda sitaki kuisikia tena.

CHOMA. Aliye karibu achome kalamu pajani kwa nje, juu ya nguo hivyohivyo, ashikilie. Asingojee mwalimu mkuu wala mama yake. Akidhani ni mzio, achome.

ITA. Gari, hospitali, mzazi. Hata mtoto akiamka akacheka, aende.

Na kalamu isifungiwe. Kitu cha kuokoa mtu hakiwekewi kufuli. Hilo nalisema mimi niliyeshika funguo maisha yangu yote.

Mkumbatie mtoto. Mwambie Babu anasema baba yake alikuwa mtu mzuri na alikula vitu vingi, pamoja na pilipili, na hakutulazimisha sisi tule pilipili.

Aloysius


Mpumudde, 8 Septemba 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Nakupigia magoti tena, safari hii nikitabasamu. Mvua imeharibu paa la jirani, sisi tumepona. Daphine amerudi shule. Nitakueleza yote, na usiniambie nimechelewa kuandika, nilikuwa nasubiri niamini mwenyewe.

Nilimfungulia Mama Ramlah. Tulikaa sakafuni wote wawili. Nikachukua mkono wake nikauweka kwenye koo la Daphine, nikamwambia, hapa ndipo panapofunga. Si mila, mama. Ni nyama yake yenyewe inayovimba ikaziba njia. Aliuacha mkono palepale, akasikia mtoto anavyomeza mate. Kisha akasema, "Sisi hapa hatuna neno ya ugonjwa hii. Tuko na muziro tu. Basi tumpe muziro yake yeye peke yake."

Sikuelewa mpaka nilipomwona shuleni. Aliwasimamisha watoto jikoni, mwiko mkononi, akawaambia Daphine ana miziro miwili. Wa kwanza ni ngabi wa baba yake. Wa pili ni karanga, huo ni wa mwili wake, na mwili wake ni ukoo wenyewe. "Muziro ya baba ukikosea unaomba msamaha," akasema. "Hii ya mwili hapana sikia msamaha. Kijiko hapana, sufuria hapana, mkono wenye kalanga hapana mshika." Baba Mkubwa, wote walielewa. Mtoto mmoja akauliza kama mtu anaweza kujiunga. Daphine akafikiri, akasema anaweza, lakini asile karanga shuleni. Sasa darasa la tatu lote ni Ukoo wa Karanga, na mjukuu wako ndiye mkuu wa ukoo. Wanasalimiana kwa kuonyeshana viganja vilivyooshwa.

Gwaride lako lilikuwa na taabu kidogo. Niliposoma zile amri mbele ya walimu, Bwana Norman alitoa miwani akaifuta. Akaniambia, "Mama, hiyo Kiswahili ya amri, mimi nikisikia natafuta mlango. Mwaka ile askari walikuja kwetu wakisema laza, laza chini. Babangu alilala na hakuamka." Nilitaka kukunja karatasi. Lakini yeye mwenyewe akanizuia. Akaomba tuanze tena, polepole, na yeye ndiye alale chini awe mtoto. Mwalimu mkuu mzima na tai yake, Baba Mkubwa, chini sakafuni, miguu juu ya kiti, na Mama Ramlah anamchoma paja kwa kalamu tupu ya mazoezi aliyotupa Dada Alifya. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, lakini akasema turudie. Wanarudia kila Jumatatu. Watoto wamezigeuza amri kuwa mchezo wa kuruka kamba.

Kalamu ya kweli inaning'inia msumarini nje ya jikoni, kwenye mfuko mwekundu nilioushona mimi. Haina kufuli.

Bado naogopa. Kila mchana saa ya chakula mkono wangu unasimama juu ya cherehani. Lakini namwacha aende.

Mama Mkubwa anaendeleaje? Hukumtaja.

Phiona


Busiu, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Phiona,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Nimesimama peke yangu hapa uani nikampigia saluti Bwana Norman. Mwambie sajini mmoja wa Busiu hajawahi kumwona mtu akilala chini kwa ujasiri vile, na mwambie pole ya baba yake. Lugha hii niliitumia kupigia watu kelele miaka mingi, nikiwa kijana na baadaye. Sasa inarukiwa kamba na watoto. Nilijisikia vizuri, nikajisikia vibaya, nikaenda kuoga.

Na huyo mkuu wa ukoo mpe heshima zangu. Nina viganja safi, bahati mbaya hawezi kuviona kutoka huko.

Mama yako mkubwa hajambo. Ana kazi shambani. Zaidi ya hapo amenikataza kuandika, na mimi katika nyumba hii si sajini.

Krismasi sikuulizi safari hii. Ukiona ninauliza, jua nimeteleza.

Aloysius


Mpumudde, 17 Novemba 2024

Baba Mkubwa,

Salamu, na tushukuru Mungu kwa pamoja, halafu nikueleze.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya wazazi. Mzazi mmoja alileta mikate ya kugawa, ndani imepakwa karanga ya kusaga, hakujua. Daphine alionja kidogo akatema, akasema kwa nguvu, "Muziro." Kabla mimi sijafika nilisikia sauti nyembamba za watoto zinaita laza, laza. Walishamlaza. Bwana Norman ameshika miguu. Na Mama Ramlah, ambaye akiona damu ya kuku anageuza uso, alikuwa amepiga magoti na kalamu mkononi, akamchoma paja juu ya gauni, akashikilia huku anasema, "Mtoto yangu, mtoto yangu." Gari la mzazi mmoja lilishawaka. Tulipofika hospitali sauti ya Daphine ilikuwa imerudi, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba mkate haukuwa mtamu hata hivyo.

Daktari alisema wale waliokuwa naye ndio waliomponya. Nilirudi nikamkumbatia Mama Ramlah pale jikoni kwenye moshi. Dada Alifya ameshaagiza kalamu nyingine.

Sasa Daphine kila siku ananiuliza habari za Busiu. Anasema Babu alimwahidi kumwonyesha anavyopiga pasi. Nataka kukuuliza kitu, na sijui nikiulizeje bila kumuumiza mtu ninayempenda. Najua lile shamba ni nini kwa Mama Mkubwa, na kile kinu, na watu wa sokoni wanaomwita kwa jina la karanga zake. Siwezi kumwomba. Yeye ndiye aliyenilisha mimi nikiwa mtoto wa laini za magereza, zile nyumba za askari, nisiye na mama. Basi siulizi. Nakuambia tu kwamba tungependa kuja.

Phiona


Busiu, 1 Desemba 2024

Mwanangu Phiona,

Leo nimepewa ruhusa kuandika, kwa hiyo kaa chini.

Siku ile niliposoma barua yako ya Juni na mama yako mkubwa akaenda na jembe, sikumfuata. Karanga zilipokomaa alizing'oa zote, akauza mpaka ile mbegu ya kesho. Kinu alimpa mwanamke wa kanisani anayekaa mbali. Kisha alimwaga maji ya moto kwenye ghala, akasugua kuta, akasugua sufuria na majivu, akanisugua na mimi nilipopita karibu. Mikeka ya kuanikia aliitoa, akanituma ninunue mipya. Mvua za Septemba zilipokuja alipanda maharage, shamba zima mpaka karibu na choo. Watu wa sokoni wakamuuliza, Betty, imekuwaje, yako wapi ile ya kusaga. Akawajibu kwamba amechoka kusaga. Mwanamke yule hajachoka kitu maishani.

Alinikataza nisikwambie. Alisema usije kwa kuhurumia jasho lake, uje ukiwa tayari mwenyewe. Nilikaa na siri hiyo tangu Julai mpaka leo, na nilikuwa karibu kupasuka.

Malewa ya Krismasi atayapika kwa maziwa. Ameyajaribu kwangu mara kadhaa. Ya kwanza yalikuwa mabaya sana, ya juzi yanalika.

Mleteni mtoto, na mfuko mwekundu uje naye. Msumari nimeshaupigilia barazani, urefu wa mkono wa mtu mfupi. Sote tumefanya gwaride, mimi nikiwa mtoto. Amenichoma paja kwa kijiti mpaka nimevilia damu, hajui nguvu zake.

Naishia hapa, kwa sababu anavuta kalamu mkononi mwangu. Anataka kuandika mwenyewe.

DAPHINE.
MIMI NI BIBI YAKO BETTY.
VIGANJA VYANGU NIMEOSHA.
NAOMBA KUINGIA UKOO WAKO.